Chemchemi ya Kibirichia na Jina la Silvano Mbae

Jumatatu, 5 Februari 1996. Kibugu.

Kivuti ametokea kwenye jarida. Sikuamini mpaka nilipoona kwa macho yangu. Amebandika ukurasa mzima ukutani pale kituo cha chai, juu ya mizani, mahali ambapo kila mkulima wa Kibugu lazima ainue macho. Makala ni ya mmomonyoko wa udongo. Kuna hata picha yake ameshika jembe. Kivuti na jembe! Shamba lake analilima mkewe.

Nikasimama na kikapu changu mgongoni nikasoma yote. Karani akaniuliza kama nimekuja kupima chai ama kusoma. Nikamwambia kusoma. Kivuti mwenyewe alikuwa kwenye foleni, nikamweleza kwa upole kwamba aya ya pili inarudia aya ya kwanza. Akashukuru, akaniita Mzee Mbae, ingawa tulikaa dawati moja shuleni na yeye ndiye mkubwa. Ualimu wa miaka mingi umemfanya aongee na kila mtu kama yuko ubaoni.

Chini ya ukurasa kulikuwa na sehemu iliyokunjwa kwa ndani. Nikaikunjua. Tangazo. Jarida la Mizizi linatafuta waandishi wa kujitegemea kutoka mashambani, waandike habari za misitu, mito na udongo, wapeleke kwa mhariri, Bi Karambu, Nairobi. Kivuti alikuwa ameficha hiyo sehemu makusudi. Huyo ndiye jirani yangu.

Nimeteremsha taipureta kutoka juu ya kabati. Bado ina kitambaa alichofuma Cicily. Mke wangu, Mungu amlaze pema. Zamani alikuwa akichambua maharagwe jikoni nami namsomea makala zangu, zile ambazo wahariri walizirudisha na zile ambazo hawakuzirudisha wala kuzichapisha. Alisema gazeti lenye jina langu hatalifungia nyama, atalitandika kabatini chini ya vikombe vya wageni. Alikufa akingoja. Nimekaa hapo nikalia kidogo, halafu nikatafuta utepe wa wino.

Sitaki mambo mengi. Nataka jina langu lichapishwe mara moja tu. Silvano Mbae, kwa herufi nzito. Sasa nimeliweka kwa maandishi.

Alhamisi, 8 Februari.

Makala tayari! Inaitwa “Kilio cha Msitu wa Kibugu”. Nimeiandika bila kuondoka kwenye kiti, na huo ndio uzuri wa kuwa na msitu nyuma ya nyumba. Nimeandika kwamba wakazi wengi walieleza huzuni yao. Wakazi ni mimi. Kuna pia mtaalamu mmoja ambaye hakutaka kutajwa jina. Naye ni mimi.

Katikati ya kazi nikakumbuka mto. Tulipokuwa watoto tuliusikia tukiwa kitandani, mvua inyeshe isinyeshe. Mama alikuwa akijua kama juu mlimani kumenyesha kwa kusikiliza tu, anageuka upande wa pili na kulala. Siku hizi mtu lazima ateremke hadi kwenye majani ya chai ya mwisho ndipo ausikie. Na ukungu ulikuwa ukishuka hadi mlangoni, tunaenda shule tumeshikana mikono ili tusipotezane. Niliandika hayo yote, halafu nikayafuta. Yalionekana ya kwangu mno, na jarida ni kitu cha umma.

Nimepeleka bahasha stendi ya Embu, iende na basi. Nikapita mbele ya nyumba ya Kivuti nikiishika ili aione.

Jumanne, 13 Februari.

Nimempigia Bi Karambu simu kutoka Posta ya Embu. Foleni ndefu. Nikiwa tayari kibandani, kipokezi sikioni, nikageuka nikamwona Kivuti nyuma yangu. Ati naye ana simu ya kupiga.

Bi Karambu ni mtu wa maneno machache. Alisema makala yangu ina miti mingi na haina mtu hata mmoja. Akauliza hao wakazi ni akina nani. Nikasema ni wengi. Akaomba jina la mmoja tu, na alichosema, kwa maneno yake mwenyewe. Hapo sarafu zikaisha, nikamshukuru Mungu. Kivuti akanyoosha mkono akatumbukiza sarafu yake, kwa wema wa kuchukiza kabisa, na simu ikaendelea.

Bi Karambu akasema anataka mtu mwenye jina, mahali penye jina, na maji ambayo huyo mtu ameyajua maisha yake yote. Akauliza kama ninamjua mtu kama huyo ama ampe mtu mwingine nafasi. Kivuti alikuwa akipumua shingoni mwangu. Nikasikia mdomo wangu ukisema Kibirichia. Nikasikia ukisema chemchemi. Bi Karambu akasema basi niende nikamwone huyo mtu, nisimbuni. Kivuti aliingia kibandani baada yangu, akainua kipokezi, akakirudisha, akatoka.

Jumatano, 14 Februari.

Kibirichia. Sijui jina hilo lilikuwa limekaa wapi ndani yangu miaka hii yote.

Mwaka wa sitini na nane nilikuwa karani kijana katika kambi ya msitu pale Kibirichia, eneo la Buuri, upande ule mwingine wa Mlima Kenya. Baridi ya huko si ya mchezo. Asubuhi viazi shambani vilikuwa na barafu juu ya majani. Nilifanya kazi na kijana wa huko, Muthamia, yeye kwenye kitalu cha miche, mimi kwenye vitabu. Nyumbani kwao walinilisha viazi vya kuchoma mwaka mzima, na sikuwa wa kwao. Chini ya boma lao kulikuwa na chemchemi, chini ya mkuyu. Maji yalitoka mwambani kwa nguvu, baridi hadi meno yanauma. Dada yake Muthamia, Kathambi, ndiye aliyeteka maji. Alikuwa akikunja jani kama kikombe, anachota, na anampa mgeni kwanza kabla hajanywa mwenyewe. Mgeni nilikuwa mimi. Halafu nikahamishwa, nikamwoa Cicily, tukaishi vizuri. Sikuwahi kuwa na sababu ya kurudi.

Sasa ninayo. Ni ya kikazi.

Binti yangu Muthoni, muuguzi hapo Embu, aliniuliza nitakaa huko siku ngapi na kama nimebeba sweta. Kivuti amekuja mwenyewe kuniazima kamera yake. Nilishangaa. Labda nilimfikiria vibaya.

Ijumaa, 16 Februari. Kibirichia.

Naandika nikiwa kwenye kitanda cha wageni, blanketi begani. Nimepokelewa kama mfalme. Siri yote ni maandalizi, na wengine wangejifunza kwangu.

Nilijua huwezi kuingia kwa watu mikono mitupu na kuanza kuwauliza maswali. Kwetu ukitaka kumfungua mzee mdomo unampelekea muguka, yale majani ya kutafuna kutoka kule chini Mbeere, umefungwa kwa karatasi, mnatafuna mnaongea, mambo yamekwisha. Kwa Wameru ni miraa. Nikasimama soko la Meru, kwa mama mmoja mwenye mabunda. Akaniuliza kama ni ya kutafuna njiani ama ya kupeleka ukweni. Ya njiani ilikuwa imerundikwa juu ya gunia. Ya ukweni ilikuwa imefungwa kwa majani ya mgomba, imenyooka, imekazwa kwa ustadi. Nikasema ukweni. Ni uongo mdogo, lakini nani anataka kumpelekea mzee kitu cha juu ya gunia? Yule mama alinitakia baraka na kunishika mkono, nikaona Wameru wanajua biashara.

Muthamia ana mvi kichwa kizima. Alinitambua kwa sauti kabla ya sura. Tukashikana mikono muda mrefu. Kisha nikatoa lile bunda, kwa mikono miwili kama inavyofaa. Mkewe akaweka sufuria chini. Muthamia akaniuliza nimemletea nani. Nikasema ni kwa ajili ya dada yake, maana ndiye niliyemjia.

Kathambi hakuolewa. Ana mwana mmoja, Kirimi, fundi wa magari Isiolo, ndiyo sababu wanamwita Mama Kirimi. Analima viazi kwenye kipande alichoachiwa na baba yao. Muthamia hakulifungua bunda. Alituma aitwe. Akaja kutoka shambani, mikono ina udongo. Akalitazama bunda. Akanitazama mimi. Akatazama daftari langu na kalamu. Alichukua muda wake. Halafu akasema neno fupi kwa Kimeru, na Muthamia akakata kamba.

Nimevutiwa sana na hilo. Mwanamke anaulizwa kwanza ndipo wanaume watafune! Nimeliandika daftarini chini ya kichwa “Nafasi ya Mwanamke katika Uhifadhi”.

Baadaye wakaja wazee wawili wa jirani, nao wakatafuna. Wakaniuliza mke wangu alikufa kwa ugonjwa gani, nyumba yangu ni ya mabati au vigae, nina ng'ombe wangapi, na kama magoti yangu ni mazima. Watu wa huku wana hamu ya kujua. Niliwajibu yote, maana ukitaka mtu akufungulie moyo nawe umfungulie wako.

Jumamosi, 17 Februari. Kibirichia.

Mama Kirimi alinipeleka kwenye chemchemi. Mkuyu upo. Maji karibu hayapo. Kuna tope, na katikati ya tope kijishimo cha ukubwa wa sufuria, na huko ndani maji yanapumua kidogo kidogo. Nilisimama nikashindwa kuuliza swali la kwanza. Nilikuwa nimeliandaa vizuri.

Alianza mwenyewe. Alisema watu wa juu walivuta mabomba kwa ajili ya viazi vyao, na wengine wakapanda mikaratusi kando ya mkondo, na kila mtu alichukua kidogo tu. Alisema hakuna wa kumkasirikia, ndiyo maana inauma. Asubuhi anakuja gizani kabla ya wengine, anakinga kopo, anangoja lijae. Anapongoja huwa anakumbuka sauti ya hapa zamani. Alisema, “Ulikuwa unapiga kelele ndio usikike, wewe unakumbuka?” Nikasema nakumbuka. Niliandika kila neno. Akacheka akauliza, “Baba Muthoni, sasa hata nikikohoa utaandika?”

Nikapiga picha nyingi. Yeye kando ya kijishimo, yeye chini ya mkuyu, yeye akikunja jani. Jani alilikunja bila kuombwa. Maji ya kujaza jani yalipatikana. Nilikunywa kwanza, kama zamani.

Niseme ukweli kwenye karatasi hii, nilifurahi. Furaha ya aina hiyo nilidhani nimeizika pamoja na Cicily. Bila shaka ni kwa sababu nimepata chanzo kizuri.

Jumanne, 20 Februari. Kibugu.

Kamera ya Kivuti haikuwa na filamu. Anasema sikuuliza.

Hata hivyo makala imekwisha na ni nzuri. Najua kwa sababu nilipoisoma kwa sauti jikoni nilinyamaza mara mbili. Kuna Kathambi mwenye jina, Kibirichia yenye jina, na maji. Na sauti ya mto wa kitandani niliirudisha. Nimeongeza aya nzima kuhusu miraa, jinsi nilivyoitoa kwa mikono miwili na jinsi Mama Kirimi alivyoulizwa kabla ya bunda kufunguliwa, ili wasomaji waone namna mwandishi mnyenyekevu anavyofanya kazi.

Nilimwonyesha Kivuti kwa makusudi. Alisoma amesimama. Alipomaliza aliisoma tena. Akasema nimeweka koma nyingi.

Jumanne, 27 Februari.

Kibanda cha simu tena. Bi Karambu alicheka mpaka nikadhani laini imeharibika.

Aliniuliza kama mimi ni Mwembu. Nikasema ndiyo, wa Kibugu. Akasema yeye ni wa Nkubu, na kwao hilo bunda nililobeba linaitwa ncoolo. Halibebwi na mtu anayetafuta habari. Linabebwa na mtu anayetafuta mke. Lisifunguliwe mpaka mwanamke akubali. Likifunguliwa, amekubali. Kwa hiyo, alisema, kwa kadiri watu wa Kibirichia wanavyojua, mimi nimeposa na nimekubaliwa, na wale wazee wa magoti hawakuwa na udadisi, walikuwa kazini.

Nikatumbukiza sarafu nyingine.

Halafu akaacha kucheka. Makala ni nzuri, alisema. Anaitaka kwa toleo la Aprili, na jina langu kwa herufi nzito. Lakini mwandishi haandiki habari za mchumba wake na kuzitoa kama habari, hiyo ni sheria na yeye haivunji. Ama niende kwa Muthamia niseme mbele ya wazee kwamba nilikosea, na makala itoke. Ama niache mambo yalivyo kule na makala irudi kwangu. Nikamwuliza yeye angefanya nini. Akasema, “Mzee, hiyo ni yako. Mhariri hana kalamu ya hapo.”

Nyuma yangu hakukuwa na Kivuti. Siku ninayomhitaji mtu wa kunishika, hayupo.

Jumatano, 28 Februari.

Sijala. Nimevuna chai hovyo, karani amerudisha nusu ya kikapu.

Nilifikiria njia ya katikati. Nikaenda kwa Kivuti nikamwuliza kama anaweza kuweka jina lake kwenye makala yangu, kwa muda. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Akatafuta kalamu. Ndipo nikaona sura ya mtu anayekula matanga ya wengine, nikachukua karatasi zangu nikaondoka.

Basi nimeamua. Jina kwanza. Cicily aliningoja na lile kabati lake miaka yote, sitabadilisha alichokuwa anangojea kwa mwanamke mwingine. Hata kulifikiria ni vibaya. Nitakwenda Kibirichia, nitasimama mbele ya Muthamia, nitasema mimi ni Mwembu na sikujua. Wataniambia nilipe kondoo au kitu kama hicho, nilipe, nirudi.

Nimenyoa ndevu. Sijui kwa nini, maana ni kwenda kuomba radhi tu.

Jumamosi, 2 Machi. Kibirichia.

Mambo hayakwenda nilivyopanga.

Muthamia alinipokea langoni akaniita shemeji. Lango lenyewe limepakwa rangi. Mkewe alikuwa amepika irio na kuchinja kuku, na wale wazee wawili walikuwepo tayari, wamevaa makoti. Niliwaza nitakula kwanza ili nisiwavunje moyo. Nikala. Nikaona si adabu kusema jambo zito mtu akiwa na chakula mdomoni. Wakamaliza, wakaanza kusimulia habari za baba yake Muthamia, aliyenipa koti lake mwaka ule wa barafu. Nilikuwa nimelisahau lile koti. Lilikuwa la jeshi na lilinuka moshi. Nikasema nakwenda kwanza kuona chemchemi.

Mama Kirimi alikuwa huko na kopo lake. Nikasema nina neno. Akasema niseme. Nikafungua daftari, maana nilikuwa nimeyaandika maneno yenyewe, ili nisikosee.

Akaweka mkono juu ya ukurasa. Alisema anajua. Alijua tangu siku ya kwanza, nilipotoa lile bunda. Mtu anayeposa haji peke yake, anakuja na wazee wake, na hakuna anayekuja kuposa na kalamu sikioni. “Niliona umepotea njia,” alisema. “Lakini nikafikiri, huyu amepotea miaka hii yote na bado amefika kwetu. Nikamwambia Muthamia afungue.”

Kopo likajaa, likamwagika, hakuna aliyelishughulikia.

Aliniambia kama nataka kurudi nyuma niseme sasa, yeye mwenyewe atamwambia kaka yake, na hakuna kondoo atakayelipwa. Nikafikiria herufi nzito. Nikamfikiria Cicily, na kwa mara ya kwanza nikamwona si akingoja, bali akinicheka, namna alivyonicheka nikianguka kwenye utelezi wa mtaro. Nikafunga daftari. Nikasema sirudi nyuma.

Akasema basi nije vizuri, na wazee wangu, Jumamosi ya kumi na sita. Sharti lake ni moja. Siku hiyo nisije na daftari. Alisema amekaa peke yake muda mrefu, na amechoka kutazamwa na watu wanaotaka kitu, wa viazi, wa maji, na sasa wa habari. Siku moja anataka mtu aje kwake kumtazama tu. Nikaapa. Nilimaanisha kwa moyo wangu wote.

Jumanne, 5 Machi. Kibugu.

Nimempigia Bi Karambu simu nikaomba makala irudi kwangu. Alinipongeza, na sauti yake ilikuwa ya dada. Halafu akasema kwa kuwa mada ni nzuri, amempa mwandishi mwingine wa huko huko kwetu aende Kibirichia aiandike upya. Mwalimu mmoja. Kivuti.

Nilitembea kutoka Posta hadi soko na kurudi bila kununua kitu.

Jumatano, 6 Machi.

Nimepata dawa. Imenijia nikikamua ng'ombe.

Nilikwenda kwa Kivuti nikamwambia kwamba katika marafiki wote wa maisha yangu ni yeye tu ninayeweza kumtuma awe mshenga wangu, anisemee kwa Wameru. Kivuti alitoa machozi. Machozi ya kweli, akaita mkewe aje asikie. Akanikumbusha dawati letu, na siku alipokula adhabu yangu ya kuchelewa. Nami nikatoa machozi, na yalikuwa ya kweli pia, jambo ambalo sikulitarajia. Ndipo nikaenda Embu nikampigia Bi Karambu nikamwarifu kwamba mshenga naye ni mtu wa upande mmoja na hafai kuandika habari za ukoo huo. Akasema, “Mzee Mbae, wewe ungefaa siasa.” Lakini sheria ni sheria. Amemwondoa.

Muthoni alikuja jioni nikamweleza yote kuhusu Mama Kirimi. Aliniuliza kama huyo mama anajua ninakoroma. Halafu akachukua suti yangu akaanza kuipiga pasi.

Ijumaa, 15 Machi.

Kesho ndiyo siku. Asali ya kupeleka ukweni ipo, wazee wangu watatu wapo, Kivuti amekariri hotuba yake na anaitoa kwa yeyote anayepita njiani. Suti inanitosha kama siku ile Cicily alipoichagua dukani. Nimesimama mbele ya picha yake nikamweleza ninakokwenda, na sikuona aibu. Nimeliweka daftari hili mezani na hapa litabaki. Neno langu ni neno.

Ila jana kituo cha chai nilisikia habari ya jarida jingine, la Nakuru. Linatafuta sauti za wazee kuhusu mvua za zamani, miezi yake, upepo wake, dalili zake. Mhariri wake si Mmeru na hamjui mtu Kibirichia. Nikawaza. Kesho wazee wote wa ukoo ule watakuwa nyumba moja, wameshiba, wamefurahi, wanaongea. Hakuna mwandishi wa nchi hii aliyewahi kupata vyanzo vingi hivyo kwa pamoja. Kuviacha vipotee ni kukosea mazingira yenyewe.

Mwalimu wa kwaya ameniazima kinasa sauti kidogo cha kaseti. Kinaingia vizuri mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto. Nimekijaribu nikiwa nimekaa hapa mezani. Maneno yanasikika kwa mbali, yamefunikwa na moyo wangu unaodunda. Nitakihamishia kulia.

Mama Kirimi alisema nisije na daftari. Kinasa sauti hakukitaja.